Pesa imekatwa mara mbili, fundi kapata moja: nyingine iko wapi?

*"Shikamoo mzee. Ijumaa jioni nilikuwa kwenye mwendokasi natoka Kariakoo kurudi Kimara. Nikamtumia fundi wangu wa Keko 650,000, malipo ya mwisho ya kabati la nguo, kutoka kwenye aplikesheni ya benki yangu kwenda akaunti yake ya benki nyingine. Ikaniandikia 'Muamala wako unashughulikiwa'. Nikasubiri kama dakika tano, fundi akasema hajaona kitu, nikatuma tena. Ya pili ikaandika 'Umekamilika'. Kuangalia salio, zimekatwa zote mbili. Fundi anaapa kapata moja. Mume wangu anasema benki wanaikalia pesa ili waizalishe, dada yangu anasema nifute aplikesheni niiweke upya. Niliandika malalamiko Instagram kwenye ukurasa wa benki nikaweka na namba yangu; Jumapili akanipigia kijana, akajitambulisha ni huduma kwa wateja, akaniomba namba sita zilizoingia kwa meseji ili anirudishie. Nikamsomea nne, roho ikasita, nikakata simu. Leo ni Jumanne. Pesa yangu iko wapi, fundi ni mwizi, na je nirudi tu kwa wakala?"*

Marahaba mwanangu, na pole. Laki sita na nusu si hela ya kulala usingizi ikiwa haijulikani ilipo. Umenifungia maswali manne kwenye pindo moja la khanga, nami nitaanza na lile ambalo hukuliuliza kama swali, la kijana wa Jumapili, kwa sababu ndilo lenye haraka.

Zile namba sita hazikuwa za kurudisha pesa. Benki ikitaka kukurudishia haihitaji kitu chochote kutoka kwenye simu yako: kitabu ni chao, kalamu ni yao. Namba kama zile huingia pale mtu anapojaribu kuiwasha aplikesheni yako kwenye simu nyingine, au kubadilisha namba yako ya siri. Yaani wakati kijana anakwambia "samahani sana dada kwa usumbufu", simu yake ya pili ilikuwa imefunguliwa mahali panaposubiri hizo tarakimu. Ulimpa nne. Mbili ulizobaki nazo ndizo zilizokuokoa, na muda wa namba hizo huisha baada ya dakika chache, kwa hiyo za Jumapili hazina kazi tena.

Alijuaje kwamba una shida? Ulimwambia. Uliandika tatizo lako na namba yako ya simu chini ya picha ya benki, na kurasa zile zina watu wanaozunguka kama paka wa soko la samaki pale Feri. Futa maoni yale leo. Badilisha namba ya siri ya aplikesheni leo. Ukifika tawini, waombe wakuangalizie aplikesheni yako imesajiliwa kwenye simu gani. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, kama kuna usiyoijua nenda kwa mtandao husika ifungwe. Yule kijana akikutumia meseji, ipeleke kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Na siku ukiona laini yako imekufa ghafla wakati jirani mwenye mtandao uleule anaongea vizuri, usiseme "mtandao unasumbua" ukalala. Huenda kuna mtu kaenda kuihamishia laini yako kwenye kadi nyingine. Azima simu, pigia benki wakufungie akaunti kwanza, maswali baadaye.

Sasa tuje kwenye laki sita na nusu.

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha nyuma cha benki, kile ambacho mteja hakioni, ambako tulikuwa tunalinganisha vitabu vyetu na vya benki nyingine mstari kwa mstari. Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba watu wanadhani pesa inasafiri. Haisafiri. Kilichopo ni vitabu viwili na ujumbe kati yake. Ungekuwa wewe na fundi mko benki moja, kazi ingeishia kwenye kitabu kimoja: kalamu inapunguza hapa, inaongeza pale, imekwisha. Ndiyo maana kutumiana ndani ya benki moja ni nadra kukwama, na kukikwama ni rahisi kufuatilia.

Fundi wako yuko benki nyingine, kwa hiyo ulipobonyeza "Thibitisha" mambo yalikwenda hivi. Kabla ya yote benki yako iliuliza jina la mwenye akaunti, likakujia kwenye skrini. Ukaweka namba ya siri. Benki yako ikapunguza 650,000 kwenye kitabu chake, pamoja na ada. Halafu ikatuma ujumbe kwenye mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaoendeshwa na Benki Kuu, ambao kazi yake ni kuziunganisha benki na kampuni za pesa za simu zizungumze lugha moja. Mfumo ukaupeleka ujumbe benki ya fundi. Benki ya fundi ikatakiwa kuongeza 650,000 kwenye kitabu chake, kisha ijibu "nimeingiza". Jibu hilo lirudi kwa njia ileile mpaka benki yako, na kutoka hapo lifike kwenye skrini yako. Siku njema yote haya yanamalizika kabla hujarudisha simu kwenye mkoba. Kabla ya TIPS, kupeleka pesa benki nyingine mara nyingi kulimaanisha kupanga foleni tawini na kujaza fomu ya TISS, mfumo wa mwaka 2004 ambao bado upo na bado ndio wa malipo makubwa.

Kila hatua hapo ina saa inayohesabu. Jibu lisiporudi ndani ya sekunde zilizopangwa, benki yako inaacha kusubiri na kukuandikia "Muamala wako unashughulikiwa". Watu wengi wanaisoma kama "umeshindikana, jaribu tena". Sivyo. Maana yake ni "sijui". Na kutojua huko ni kwa kweli, hata meneja wa tawi ukimshika shati dakika ile hajui.

Chukulia umemtuma mtoto dukani na noti ya elfu kumi akanunue sukari. Magharibi inaingia, hajarudi. Huenda hakufika dukani kabisa, kakutana na wenzake njiani na noti iko mfukoni. Huenda kafika, Mangi kamwambia sukari imekwisha, anarudi taratibu. Huenda sukari kaishanunua na yuko uwanjani anacheza mpira, mfuko umekaa pembeni. Wewe mlangoni unaona kitu kimoja tu, kwamba mtoto hayupo. Sasa ukimtuma mdogo wake na elfu kumi nyingine, naye akaenda akarudi haraka na sukari, hilo halikwambii chochote kuhusu yule wa kwanza.

Ndicho ulichofanya Ijumaa, na usijilaumu sana. Mimi mwenyewe, nikiwa tayari nimeshatoka kwenye kazi hiyohiyo, niliwahi kutuma mchango wa harusi mara mbili kwa sababu ya neno hilohilo. Zote ziliingia. Mwenyekiti wa kamati akasimama kwenye kikao akanishukuru kwa moyo wa kutoa, watu wakapiga makofi. Nani angeanza kudai?

Mfumo haukukuzuia kwa sababu kila ukibonyeza unazaliwa muamala mpya wenye namba yake ya kumbukumbu. Kwa kompyuta, mteja anayetuma 650,000 mara mbili kwa mtu mmoja anaweza kuwa anataka kufanya hivyo kweli. Baadhi ya aplikesheni siku hizi huuliza "umeshatuma kiasi hiki kwa mtu huyu, uendelee?", lakini si zote. Kwa maoni yangu zote zingepaswa kuuliza.

Unaweza kusema ni mtandao wa mwendokasi. Sidhani. Mawasiliano yakikatika kati ya simu yako na benki, kwa kawaida skrini inaganda au inaandika hakuna mtandao, na hapo pia usitume tena kabla ya kuangalia taarifa ya akaunti, kwa sababu amri yako inaweza kuwa ilishafika na kazi inaendelea bila wewe. Lakini wewe ulipata jibu rasmi la benki. Yako ilikatikia mbele, kati ya benki na benki. Ungekuwa umekaa sebuleni kwako ingetokea vilevile.

Kwa nini basi benki isirudishe mara moja? Kwa sababu ya yule mtoto wa uwanjani. Wakikurudishia 650,000 halafu ikaja kuonekana benki ya fundi ilishaingiza, benki imelipa kutoka mfukoni mwake. Kwa hiyo wanaiweka kwenye akaunti yao ya ndani, ya kusubiria, mpaka orodha za pande zote zilinganishwe. Kwenye kulinganisha, mstari wa huku unatafutiwa mwenzake wa kule. Yenye wenzake inapita. Isiyo na mwenzake ndiyo inayoshughulikiwa, mingine na kompyuta usiku huohuo, mingine na binadamu kwa mkono. Binadamu hao mara nyingi hawapo Jumamosi jioni wala Jumapili, ingawa mfumo wenyewe haulali. Wewe ulituma Ijumaa jioni. Hapo una jibu la sehemu ya ucheleweshaji.

Mumeo mpelekee salamu, na umwambie yuko sahihi kidogo tu. Pesa iliyokwama haiwi mtaji wa benki. Kwenye vitabu inabaki kama deni kwa mtu, na mistari ya namna hiyo ikizeeka mkaguzi huiuliza. Sisi tuliifanyia kazi kwa hofu, si kwa furaha. Lakini nitakuwa muongo nikisema kila mstari unashughulikiwa kwa kasi moja. Wenye mteja anayefuatilia kwa namba ya lalamiko huondoka haraka kuliko wenye mteja aliyenyamaza, au aliyelalamika Instagram. Na dada yako mwambie kufuta aplikesheni ni sawa na kutupa kioo ili uso ubadilike. Tena ukiiweka upya utatumiwa namba za kuiwasha, wakati ambao kuna kijana anazitafuta.

Fundi sasa. Hebu tumtendee haki. Kuna njia tatu za muamala wa kwanza kuishia. Ya kwanza, haukutoka benki yako: utarudishwa, na fundi hahusiki kabisa. Ya pili, ulifika benki ya fundi ukakataliwa, au hawakuuingiza: utarudishwa pia. Ya tatu, benki ya fundi iliingiza ila jibu la kurudi likapotea, na hapo anazo zote mbili, pengine bila kujua. Ndiyo, bila kujua. Meseji ya "umepokea" inapita njia nyingine kabisa, inaweza kuchelewa au isifike, na fundi wa Keko mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye kope hafungui taarifa ya akaunti kila jioni. Kuapa kwake ni kwa meseji alizoziona.

Kwa hiyo usimwulize "umepata ngapi?" tena. Mwombe aangalie taarifa ya akaunti yake kuanzia Ijumaa mpaka leo, kwenye simu yake mwenyewe au kwa wakala wa benki yake, atafute mistari ya 650,000. Mwambie wazi kwamba benki yako nayo inafuatilia na unataka majibu yalingane. Ikiwa imeingia moja, mmemalizana kwa amani na fundi anatoka kwenye kesi. Zikiwa mbili, muamala haukukosewa mtu, ulikwenda kwa uliyemtaka, na benki yako haiwezi kuingiza mkono kwenye akaunti ya mtu mwingine kuichukua. Watawaandikia benki ya fundi, fundi ataombwa ridhaa, akikubali inarudi. Akikataa ndipo yanakuwa mambo ya polisi na mahakama. Sioni kwamba tumefika huko, na fundi mwenye karakana Keko, ambaye wateja wanamjua mpaka mlango wake, ana cha kupoteza.

Kabla hujatoka nyumbani, fungua taarifa ya akaunti yako, si salio. Nimekutana na watu kadhaa waliogombana na benki wiki nzima wakati pesa ilisharudi siku ya pili, ila luku na ada ya shule vilishakatwa katikati, salio likaonekana dogo palepale. Tafuta mstari unaoongeza 650,000. Ukiukuta, stori imeisha, kunywa chai.

Usipoukuta, kesho asubuhi nenda tawini. Wiki ya kwanza ningekwambia simu inatosha, namba iliyoko nyuma ya kadi yako na si ya kwenye maoni ya mtandaoni, lakini kuna jambo la namba ulizomsomea yule kijana na hilo nataka ulizungumze uso kwa uso. Si lazima liwe tawi ulilofungulia akaunti. Beba kitambulisho cha NIDA, na namba za kumbukumbu za miamala yote miwili, tarehe, saa, kiasi, na picha za skrini kama ulizipiga. Usiseme "mmenikata pesa yangu", kwa sababu utapelekwa dirisha la makato. Sema: "Nina muamala wa kwenda benki nyingine ambao umebaki unashughulikiwa tangu Ijumaa, namba yake ni hii, naomba mfuatilie kama upande wa pili wameingiza. Na huu wa pili ulikamilika, sina tatizo nao." Sentensi hiyo peke yake inakuokolea siku mbili, maana wengi wanapeleka namba ya muamala uliokamilika, wanajibiwa "mbona umekamilika?", faili linafungwa. Usiondoke bila namba ya lalamiko na tarehe ya kupewa jibu, iandike mbele ya mhudumu.

Tarehe ikipita bila jibu, mwandikie meneja wa tawi barua fupi na uhifadhi nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Benki ikinyamaza au jibu lisikuridhishe, Benki Kuu ina dawati linalopokea malalamiko ya wateja wa taasisi za fedha, na kwa sisi wa Dar ofisi zao ni pale Mtaa wa Mirambo. Wao watakuuliza kwanza kama ulishalalamika benki na ulijibiwa nini, ndiyo maana nakala yenye muhuri ni muhimu. Na kama kwenye taarifa ya akaunti utaona mstari mwingine wowote ambao si wako, hasa kuanzia Jumapili, hilo si lalamiko tena. Fungisha akaunti palepale, nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao, urudi nayo benki.

Je, urudi kwa wakala? Tangu M-Pesa iingie nchini 2008 tumemzoea wakala kama muuza genge, na faida yake ni kwamba kuna uso wa binadamu. Lakini wakala naye hukosea tarakimu, na nyuma ya dirisha lake kuna ujumbe uleule unaopita kati ya vitabu vilevile. Kupeleka kutoka benki kwenda kwenye simu ya fundi kungepita vitabu viwili pia, kunaweza kukwama kwa namna hiyohiyo, na yeye angelipia kutoa. Noti mkononi hazikwami, ila mwenye kubeba laki sita na nusu kwenye mkoba Kariakoo saa kumi na moja jioni anajua mwenyewe anavyotembea. Ningebaki na aplikesheni. Kwa mtu unayemlipa mara kwa mara, kama inawezekana, tumianeni ndani ya benki moja. Kwa mpokeaji mpya na kiasi kikubwa, tanguliza elfu moja, ikifika ndipo utume iliyobaki. Ni ada mara mbili, kweli, naona inastahili. Pesa ya kiwanja au gari nenda tawini ukajaze TISS. Na jina likija kwenye skrini lisome lote. Fundi unayemwita Baba fulani miaka mitatu anaweza kuwa na jina la kwenye akaunti usilolijua, mpigie simu umuulize kabla hujathibitisha.

Jambo moja la mwisho kuhusu Keko. Ikigundulika fundi anazo zote mbili, wengine hukubaliana ya pili iwe ya kazi nyingine, meza au kitanda. Si vibaya. Ila mkikubaliana hivyo, pigia benki siku hiyohiyo ulifunge lalamiko. Ukiliacha wazi, benki yako itaendelea kudai upande wa pili, fundi ataombwa ridhaa kwa pesa aliyokwisha kuinunulia mbao, na utakuwa umefungua ugomvi ambao haukuwepo.